Kilomita Hamsini na Mbili

Hebu tulia kidogo, fumba macho, ulione lori. Limesimama kwenye uwanja wa kuchomelea vyuma pale Nyakanazi, nyuma ya vibanda vya chakula, na mgongoni limebeba sanduku refu jeupe lisilo na dirisha hata moja. Ni asubuhi ya mwezi wa nane. Mvua haijanyesha tangu mwezi wa tano, na vumbi limelala juu ya migomba kama unga. Ndani ya sanduku hilo mna gari dogo la rangi ya fedha, lililoingizwa jana jioni likiwa limeoshwa. Sasa mwanamume mmoja anafungua milango ya nyuma, anachuchumaa, anagusa gurudumu kwa kidole. Kidole kinarudi na tope. Tope bichi.

Mwanamume huyo ni fundi Sostenes, na sanduku lile ni kazi ya mikono yake.

Aliyemwagiza alikuwa Juvenali, mfanyabiashara aliyewanunulia watu wa Ngara na Biharamulo magari bandarini Dar es Salaam. Kwa miaka mingi magari hayo yaliletwa na madereva, kila mmoja na lake, safari ya siku mbili bila kulala vya kutosha. Yalifika na mikwaruzo, vioo vimepigwa mawe, viti vimejaa vumbi. Juvenali alitaka gari la kubebea magari lililozibwa kote, ili mteja apokee mali yake kama alivyoiona kwenye picha.

Sostenes alilichora kwa chaki sakafuni, akafuta, akachora tena. Aliweka reli za kupandishia, mikanda ya kufunga magurudumu, sponji ukutani, na mpira mnene kuzunguka milango. Komeo aliliweka kwa nje.

"Hata vumbi halipiti," alimwambia Juvenali.

Juvenali aligonga bati kwa vidole. "Fundi, hili ni zuri mpaka natamani siku yangu ikifika mnizike humu."

Walicheka wote wawili. Wakati huo Thobias alikuwa bado hai.

Thobias alikuwa mdogo wake Sostenes, na alikuwa mmoja wa wale madereva. Kwa kweli Sostenes alilifikiria sanduku lile kwa ajili yake. Likikamilika, Thobias angeendesha lori hilo akiwa na mwenzake wa kupokezana, badala ya kuendesha peke yake akitafuna kahawa ili asisinzie. "Nivumilie miezi miwili," Sostenes alimwambia. Miezi miwili haikufika. Siku moja ya Jumanne Thobias alisimama Nyakanazi akiwa na gari la mteja wa Ngara, akanywa chai kwenye kibanda cha mkewe, Restituta, jirani kabisa na uwanja wa fundi. Akamwambia kama alivyomwambia kila safari, "Nikikabidhi tu, narudi." Kwenye kona moja msituni, mbele ya Lusahunga, gari liliacha njia.

Ukoo wao ni wa Kanazi, wilaya ya Ngara. Ni Wakatoliki, na Thobias alizikwa kwa misa. Lakini ukoo huo una jambo moja ambalo haliachwi: mtu akifia njiani, ndugu yake huenda pale alipoangukia, humwita kwa jina, humwambia kilichompata, kisha hurudi naye nyumbani bila kugeuka nyuma. Mwili huletwa na gari. Mwenyewe huletwa kwa sauti.

Kazi hiyo ilikuwa ya Sostenes. Siku ya tatu ya msiba alikwenda kwenye ile kona, ila alikwenda na lori. Juvenali alikuwa akimsukuma amalize, na sanduku lilikuwa halijajaribiwa, basi akaona afanye safari moja kwa kazi mbili. Alilivuta gari lililopondeka kwa winchi hadi ndani, akafunga mikanda, akapima urefu, akaandika vipimo, akafunga milango na kusukuma komeo. Jua lilikuwa linazama na trafiki walikuwa wakimhimiza aondoke. Alikumbuka kuita alipokuwa ameshapita Lusahunga, na hakugeuza.

Kaburini, mama yake, bibi Auleria, alimuuliza polepole, "Ulimwita?"

"Ndiyo, mama," Sostenes alijibu.

Sasa unaelewa kwa nini tope lile lilimtisha. Alijipenyeza hadi kwenye mlango wa dereva, akafungua, akatazama dashibodi. Funguo alikuwa nazo mfukoni, hazikumtoka usiku kucha. Gari lile, si lile lililopondeka bali jingine lililokuwa likingoja karatasi za mteja zikamilike ndipo lipelekwe Ngara, lilikuwa limeongeza kilomita hamsini na mbili tangu jana jioni.

Aliyafuta magurudumu kwa kitambaa, asimwambie mtu. Kesho yake zikaongezeka hamsini na mbili nyingine. Siku iliyofuata, vivyo hivyo. Hakuhitaji kuuliza mtu. Alishaiendesha njia ile na lori lenyewe: kutoka uwanjani kwake hadi kwenye ile kona ni kilomita hamsini na mbili, na baada ya hapo hakuna zaidi.

Siku ya nne, wakati mafundi wa jirani wamekwenda kula, aliweka sikio kwenye bati. Ndani, ambako jua la saa saba halikuwa na tundu la kupitia, aliisikia indiketa ikigonga taratibu, kisha mtu akikohoa kidogo kama anayesafisha koo, na kutoka kwenye ukingo wa ule mpira ambao haukupitisha hata vumbi ikamjia harufu ya kahawa ya kutafuna.

Angeweza kwenda Kanazi siku ile ile, amwambie mama yake ukweli. Aibu ilimfunga miguu. Tena alijua habari ikimfikia Juvenali, hakuna mteja atakayekubali gari lake liingie mle.

Mtu mwingine, hata hivyo, alikuwa ameshasikia.

Sostenes alimkuta Restituta amekaa kwenye reli ya kupandishia, sahani ya ndizi na maharage mapajani, kichwa kimeegemea mlango wa sanduku.

"Shemeji, unafanya nini hapo?"

"Shii." Restituta alitabasamu. Tangu mazishi hakuwa ametabasamu. "Anaongea."

"Nani anaongea?"

"Usijifanye, shemeji. Wewe umesikia kabla yangu, nilikuona." Alishusha sauti. "Anasema amebakiza kidogo tu. Akabidhi, arudi. Kila siku ananiambia hivyo. Leo kaniuliza mbona sipandi naye."

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia milango imefungwa kwa nje." Akaitazama sahani. "Yeye anasema kwake si kitu."

"Restituta, sikiliza. Una mtoto. Danstan ana miaka minne."

"Danstan yuko kwa bibi yake, anakula, anacheza. Mimi je? Nyinyi mnarudi kwenye kazi zenu. Mimi narudi kwa nani?"

Jioni hiyo Sostenes alifunga kufuli kubwa kwenye komeo, akauvaa ufunguo shingoni.

Siku ya Ijumaa alikwenda kununua vijiti vya kuchomelea. Hakuchukua hata nusu saa. Aliporudi, kibanda cha Restituta kilikuwa wazi, maji yanachemka peke yake jikoni, na mama mmoja muuza mihogo alimwambia, "Alikuwa hapa sasa hivi, nilidhani kaenda huko kwako." Ndipo Sostenes akalisikia lori likitetemeka, injini yake ikiwa imezimwa. Kufuli lilikuwa palepale, limefungwa. Akalifungua, akavuta komeo, komeo likagoma, na lilikuwa la moto kama chuma kilichotoka kuchomelewa. Akasikia ndani muungurumo wa gari linalopanda mlima, gia ikibadilishwa, indiketa ikigonga, akanusa moshi wa mafuta uliochanganyika na kahawa, akaita "Restituta," akaita tena, na katikati ya muungurumo ule ikamjia sauti ya mwanamke akicheka kwa upole, kama mtu anayesimuliwa kisa cha zamani na mumewe safarini, na cheko lenyewe likawa linafifia, linafifia, kama la mtu anayepitiwa na usingizi.

Akachukua grenda, akakata bawaba alizozichomelea mwenyewe. Mlango ulipoanguka, moshi ulimpiga usoni. Muungurumo ukakatika.

Restituta alikuwa kwenye kiti cha abiria, midomo imegeuka rangi, mkanda umefungwa kifuani. Na kwenye kiti cha dereva pia mkanda ulikuwa umefungwa, umenyooka na kukaza, umezunguka kifua ambacho hakikuwapo.

Alimburuta hadi nje, akamlaza chini, wanawake wakampepea kwa kanga. Ilichukua muda mrefu kabla hajakohoa. Alipofumbua macho, alimtazama Sostenes kwa hasira ambayo hakuwahi kuiona kwake.

"Kwa nini umenitoa?" alinong'ona. "Tulibakiza kona moja."

Juvenali alifika jioni, akauona mlango chini, akasimuliwa. Hakutania. "Hilo ni jini, fundi. Majini hupenda mahali pasipo na hewa. Kuna mzee namfahamu Biharamulo mjini, shehe, atalisomea litoke. Litapigwa mpaka liteketee."

"Ngoja kwanza," Sostenes alisema. "Ngoja nimwite mama."

Bibi Auleria alishuka kwenye basi kesho yake kabla ya adhuhuri, na fimbo yake na kikapu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Alilizunguka lori mara moja. Alipofika kwenye milango aliweka kiganja juu ya bati, akakaa hivyo kwa muda, kama mama anayempima mtoto homa.

"Mama, watu wanasema ni jini," Juvenali alieleza kwa heshima. "Liteketezwe kabla halijaua."

"Si jini, baba. Ni mwanangu." Kisha akamgeukia Sostenes. "Hukumwita."

Mbele ya mafundi na wauza mihogo, mtu mzima yule aliinamisha kichwa. "Sikumwita, mama. Nilikuwa na haraka. Nikakudanganya."

Bibi Auleria hakumgombeza, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. "Basi hajui," alisema. "Ulibeba gari akiwa bado amekaa ndani, ukamfungia. Yeye anajua ana mzigo wa mtu, anajua ana mke. Hakuna aliyemwambia amekufa. Ataendesha mpaka lini, maskini?"

Mchana huohuo walikwenda kwenye kona: Sostenes kwenye usukani, mama yake na Restituta pembeni yake, na nafasi moja ya kiti ikiachwa tupu karibu na mlango. Gari la mteja liliachwa uwanjani. Sanduku lilikuwa tupu, mlango mmoja ukiwa umefungwa kwa kamba, na bado Sostenes alihisi njia nzima kwamba lori limebeba.

Msituni palikuwa kimya, jua kali, vipande vya kioo bado viko kwenye nyasi. Sostenes alifungua nyuma. Aliita, "Thobias." Sauti ikaingia kwenye giza la sanduku, haikurudi. Bibi Auleria akaita. Hapakuwa na jibu. Indiketa tu, tik, tik, tik, kwa mbali.

"Sauti zetu hazimfikii," bibi Auleria alisema. Alimtazama mkwewe. "Anakusikia wewe, mama."

Restituta alirudi nyuma hatua mbili. "Nimwambie nini?"

"Unajua."

"Nikimwambia ataondoka."

"Ataondoka."

"Hata sauti sitabaki nayo. Mama, mimi sina hata picha yake nzuri. Naomba abaki hivyo hivyo. Sitapanda tena, naapa. Nitakaa nje, nimsikilize tu."

Bibi Auleria alimshika mikono. "Mimi nimemzaa," alisema. "Ingekuwa halali kumweka mle, ningelala naye mimi humo."

Restituta alilia kwanza, na wakamwacha alie. Kisha akafuta uso kwa kanga, akapanda reli hadi mlangoni, akasimama pale ambapo jua linaishia na giza linaanzia.

"Baba Danstan," alisema. Indiketa ikanyamaza. "Baba Danstan, zima gari. Sikiliza. Ulisinzia. Ilikuwa Jumanne, hapa hapa. Uliumia kichwa, ukafa. Tumekuzika Kanazi, karibu na baba yako. Padri alikuja, watu walikuja wengi mno." Alisita, akameza. "Hakuna wa kumkabidhi tena. Na mimi usinirudie. Shuka, twende tukakufikishe nyumbani."

Kilichotokea kilikuwa kidogo sana. Sostenes, aliyezoea vyuma, ndiye aliyekiona: spring za nyuma za lori ziliinuka, polepole, kama zinavyoinuka mzigo unaposhuka.

Walikwenda hadi Kanazi bila kugeuka nyuma wala kusema neno, na kiti kile kando ya mlango kilikuwa kimebonyea. Njia nzima Restituta alikaa wima, bega lake limeshuka kidogo upande huo. Walipoingia uani, bibi Auleria alitangulia, akafungua mlango wa nyumba yake kwa mikono miwili, akasema, "Karibu, mwanangu. Umefika." Restituta akanyoosha bega. Akaketi palepale chini kwenye vumbi la ua, na Danstan akamjia mbio, asijue mama analilia nini.

Sostenes alilirudia sanduku. Alikata matundu ya hewa pande zote, akaweka mshikio wa kufungulia kwa ndani, na Juvenali akalichukua. Sasa linapita Nyakanazi karibu kila wiki, na magari yanafika Ngara yakiwa na kilomita zilezile yalizoanza nazo. Restituta bado anauza chai pale pale. Lori likisimama, huwahudumia madereva, halitazami.

Wengine humwonea huruma, wengine husema ana moyo mgumu. Mimi nakuomba ukumbuke jambo moja tu juu yake. Siku ile msituni, hakuna aliyemlazimisha kufungua mdomo. Angeweza kukaa kimya, akaisikia sauti ya mumewe maisha yake yote.