Mama Ametoka Nyumbani

Saa nne na robo asubuhi, Bi Miwani akiwa ameinama juu ya mashine ya kusaga vioo vya miwani, simu yake ilitoa mlio ambao hakuwa ameusikia kwa wiki saba. Akajifuta vumbi la kioo vidoleni, akatazama. Iliandika: *Mama ametoka nyumbani.*

Mama yake alikuwa kaburini.

Arifa hiyo aliitegesha yeye mwenyewe. Mwaka wa mwisho wa uhai wa mama, kumbukumbu zilimtoka maskini wa watu. Ukigeuka tu, keshavaa ndala anakwenda kuwachukua shuleni wanawe, ambao mmoja wao tayari alikuwa na mvi. Bi Miwani akanunua kijisimu, akakishonea mfuko ndani ya gauni la mama, akaweka programu ya kuonyeshana mlipo. Tangu hapo, mama akivuka tu geti, yeye anapata habari. Mara ngapi aliacha miwani ya mteja ina jicho moja akatoka mbio! Wenzake dukani walimtania kwamba bibi yule ana miguu kuliko basi.

Alimpigia mdogo wake, fundi wa friji, aliyekuwa akiishi naye kwenye nyumba ile ile ya mama.

"Kile kijisimu kiko wapi?"

"Si kipo kabatini ulikokiweka? Kwani vipi?"

"Hebu kakitazame."

Akasikia bawaba za kabati zikilia. "Kipo. Kimezima, chaji hakina."

"Kimeniambia mama ametoka."

Mdogo wake alilifunga kabati. "Hizo programu zina wazimu, dada. Ifute."

Hakuifuta. Kwenye ramani, kitone chenye picha ya mama kilikuwa kikijikokota barabarani, kikisimama kila baada ya hatua chache kama mtu mwenye magoti mabovu. Alikitazama mpaka mteja akakohoa.

Ikawa hivyo siku tatu mfululizo, saa nne na robo: kinapita duka la dawa, kinazunguka soko, kinaishia kwenye geti la shule ya msingi. Siku ya nne aliomba ruhusa kazini, akakifuata.

Kilipofika kwenye geti la shule, jua lilikuwa la utosi. Watoto walikuwa madarasani na pale getini hapakuwa na mtu. Alisogea mpaka kitone chake kikalala juu ya kitone cha mama. Ndipo ikamjia harufu ya dawa ya kuchua, ile ile aliyokuwa akimpaka mama magotini kila jioni, na nyuma yake harufu nyingine, kama nywele zilizoungua, lakini hiyo hakutaka kuinusa, kwa sababu mkono ulikuwa umeingia ndani ya mkono wake, mkono mdogo, mkavu, wenye mifupa anayoijua, na yeye machozi yalikuwa yakimtoka kwa furaha.

"Mama," alinong'ona. "Twende nyumbani."

Alipofika mlangoni simu ililia. *Mama amefika nyumbani.*

Wiki ile alifurahi kama bibi harusi. Mdogo wake ndiye aliyekosa raha. Akiwa uani mchana na friji za watu, alisikia ndala zikiburuzwa ndani ya nyumba aliyokuwa ameifunga kwa ufunguo. Maji yalimwagika bafuni. Mtu alikuwa akiimba kwa pua, wimbo usiofika mwisho, na kila alipoingia kutazama alikuta kiti cha mama kina joto.

Jioni moja alimvuta dada yake jikoni, akasema kwa sauti ya chini:

"Dada, mama alikuwa akiburuza mguu gani?"

"Wa kushoto."

"Sikiliza."

Wakasikiliza. Ndala zilipita ukumbini, polepole, zikiacha alama za majimaji sakafuni, na uliokuwa ukiburuzwa ulikuwa mguu wa kulia.

"Kama mtu aliyejifunza kwa kumtazama mama kwenye kioo," mdogo wake alisema. "Huyo si mama."

"Amechoka tu," Bi Miwani alijibu, akachota chakula kwenye sahani ya tatu.

Aliacha kwenda kazini. Alikonda mpaka pete ikawa inamvuka. Mdogo wake aliulizia huku na huku, akaletewa mganga, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya mtu aliyekosa usingizi miaka mingi. Alifika saa tisa alasiri, akafukiza ubani, akasoma aliyoyasoma, na Bi Miwani aliyekuwa ameketi sakafuni akafumbua kinywa. Sauti iliyotoka haikuwa yake wala ya mama.

"Mimi sikujileta," ilisema, bila hasira. "Nilikuwa nikipita njia iliyoachwa wazi. Huyu akanishika mkono akaniambia twende nyumbani."

"Mama mwenyewe alikuwa amelala kwa amani," mganga alisema. "Kwa nini umevaa sura yake?"

"Sura ilikuwa ikitafutwa kila siku. Nikaivaa."

Mganga alimpiga piga Bi Miwani mashavuni mpaka macho yakarudi. "Binti, nisikilize vizuri. Umemkaribisha kwa kinywa chako, na kwa kinywa chako ndivyo atakavyotoka. Sema: wewe si mama yangu, ondoka. Hayo tu."

Chumba kilikuwa na joto la kukausha ulimi. Bi Miwani alifungua midomo, akaifunga. Aliitazama pembe ya chumba iliyokuwa tupu, na sura yake ikalainika kama ya mtoto aliyeona anayekuja kumchukua.

"Wewe..." alisema. "Wewe si..."

"Malizia, dada. Nakuomba, malizia."

"Atakwenda wapi?" aliuliza. "Akitoka, nitamwona wapi tena?"

Hakumalizia. Mganga alizima ubani kwa kidole, akakusanya vitu vyake. Kizingitini alimshika fundi bega. "Hama leo. Na usimwambie dada yako ulikohamia. Akiomba yeye, hajui anaomba kwa niaba ya nani."

Alihama na begi moja la vifaa. Kila siku alipita kumwachia dada yake chakula dirishani. Mara moja tu Bi Miwani alisogea mpaka kwenye nondo, macho yakiwa yake kabisa, akamwambia upesi upesi, "Inaniuliza mlango wako una rangi gani. Usiniambie. Hata nikikulilia, mdogo wangu, usiniambie." Halafu pazia likavutwa, na mikono yake ilikuwa chini.

Kesho yake alikuta nyumba wazi na hamna mtu. Simu yake ikaanza kulia: *Dada anaomba kuona ulipo.* Akakataa. Ikalia tena. Kwa siku kumi na moja alikataa, akila kwa mkono mmoja na kukataa kwa mwingine. Polisi walichukua maelezo. Hospitali zote alizoziulizia zilimjibu hazina mtu huyo.

Siku ya kumi na mbili alipigiwa simu. Ilikuwa sauti ya dada yake, sauti aliyoizoea tangu utotoni.

"Nimetoka. Nimemkimbia. Sina viatu, sijui nipo wapi, watu wananitazama. Nitumie ulipo, nije. Nimechoka."

"Niambie unaona nini, nije mimi."

"Sioni vizuri," alilia. "Nimepoteza miwani."

Alisikiliza pumzi zake. Zilikuwa nzito, na zilikuwa nyingi kuliko za mtu mmoja, au labda ni upepo, au ni magari. Na alijua alichoambiwa na mganga, na alichoambiwa na dada mwenyewe kwenye nondo, na alijua pia kwamba akikata simu, na ikawa kweli ni yeye, amesimama pekupeku barabarani, basi kuanzia hapo hatakuwa na mtu yeyote duniani.

Akabonyeza kutuma.

"Asante," ilisema sauti ile, na kilio kilikuwa kimekatika palepale. "Asante, mwanangu."

Fundi aliiweka simu mezani. Hakufunga mlango. Aliketi kitandani, akanyoosha shuka upande wa pili lilipokunjamana, mgeni apate pa kukaa, akasubiri.