Ishara Ukumbini

Mtaa wa vifaa vya umeme hauna adabu. Kila duka limetoa spika zake nje, kila spika inapiga wimbo wake, na anayetaka kuuliza bei sharti apayuke kama anayemwita mtu ng'ambo ya barabara. Humo ndimo mwalimu alimoingia mchana mmoja, gauni la kijani kibichi, viatu vyenye vumbi la chaki, na sauti iliyokauka kabisa.

"Nataka kipaza cha darasani," alisema.

"Nini?"

"Kipaza!"

"Dada, ongeza sauti kidogo."

"Ningekuwa na sauti ya kuongeza, ningekuja kununua kipaza?"

Fundi alicheka mpaka akaangusha bisibisi. Mtaa mzima ulimjua kwa jina la Hallo-Hallo, maana hayo ndiyo maneno aliyoyasema kutwa kwenye vipaza vya harusi, misiba na mikutano, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema mengine mbele ya watu. Alimchagulia mteja wake kipaza kidogo cha kuvaa kiunoni, akamwonyesha namna ya kukichaji, kisha akampa namba ya simu, eti kama kitasumbua.

Kikasumbua jioni ile ile.

"Fundi, kipaza chako kinakoroma."

"Kinakoroma vipi?"

"Kama mtu aliyekula akashiba."

"Basi kilete nikione."

"Nilete kipaza au nijilete mwenyewe?"

"Chochote kitakachotangulia kufika."

Kipaza hakikuwa na ubovu wowote, na wote wawili walilijua hilo. Hata hivyo kilirudishwa dukani tena na tena, na kila kiliporudishwa kilikaa zaidi, mpaka mwalimu akawa na kiti chake pale karibu na feni. Alikuwa anafundisha baiolojia katika shule ya sekondari ya serikali, darasa limejaa hadi madirishani, na alipoeleza jambo alirusha mikono hewani kama anapaka ukuta rangi. Fundi alimpenda kwa moyo wote. Alimpenda akicheka, akifoka, hata akilala kwenye kiti mdomo wazi.

"Hallo-Hallo, mpenzi wangu," mwalimu humuuliza, "utanipeleka lini kwenu nikamwone mama?"

"Karibuni tu, malkia."

"Hiyo karibuni yako ni ndefu kuliko foleni ya benki."

Fundi hucheka, kisha hujifanya anatafuta waya. Alikuwa na sababu, na ilikuwa inamnyima usingizi. Mama yake ndiye Mama Mwenyekiti, kiongozi wa wazazi wa shule ile ile, mama aliyemlea mjukuu wake, mtoto wa dada yake fundi, kwa sala na kwa mkono mzito. Siku mjukuu alipotoka shule akamwambia bibi kwamba leo wamesoma mageuko ya viumbe, na kwamba viumbe vyote vina ukoo wa mbali, bibi alisukuma sahani kando.

"Ukoo na nani? Na nyani? Kwa kodi yangu?"

Tangu hapo nyumba haikutulia. Mama Mwenyekiti alitaka somo hilo litolewe, au kama haliwezi kutolewa, basi uumbaji ufundishwe katika kipindi hicho hicho cha baiolojia, kwa uzito ule ule. Mwalimu naye alisema uumbaji una kipindi chake cha dini na mwalimu wake wa dini, na hapo hasogei. Mama akaapa kuwa wazazi watapiga kura ahamishwe. Akihamishwa ni kupelekwa mbali, mji wa mwisho wa reli au zaidi, na fundi alijua kwamba mapenzi ya simu hayana maisha. Asubuhi alimsikiliza mama akimlaani mwalimu wa nyani. Jioni alimsikiliza mwalimu akimcheka bibi wa sahani, kisa alichosimuliwa na mjukuu mwenyewe darasani. Hakumwambia yeyote kati yao juu ya mwenzake.

Mkutano wa wazazi ulipoitishwa, aliyekodiwa kuleta vipaza alikuwa nani? Ni yeye, hakuna mwingine mtaani mwenye spika kubwa kama zake.

Ukumbi wa shule ulifurika. Fundi alikaa nyuma kabisa na mashine yake ya kuchanganya sauti, hedifoni masikioni, kila kipaza kina kitufe chake cha kusukuma juu na chini. Mbele walikaa wazungumzaji. Mama alivaa gauni jeupe lililopigwa pasi likasimama lenyewe. Mwalimu alivaa lile la kijani. Kelele zilikuwa nyingi, na katikati ya kelele fundi akasikia masikioni mwake sauti anayoijua kuliko zote. Mwalimu alikuwa amemwinamia mwalimu mwenzake bila kukumbuka kwamba kipaza kilichokuwa mbele yake kiko wazi.

"Nimepiga magoti tangu alfajiri, mpaka yanauma," alinong'ona. "Wakijua hawa, watanicheka. Mwalimu wa nyani anasali."

Fundi alishtuka. Hakuwahi kujua kwamba anasali. Watu wakitulia kidogo tu, spika zingeyamwaga maneno hayo ukumbi mzima. Haraka akashusha kitufe, akakizima kipaza cha mwalimu.

Mpaka hapo alikuwa hajakosa. Lakini mama yake akasimama.

"Mwalimu, tuambie mbele ya wazazi. Unamwamini Mungu, au unaamini hayo unayowafundisha watoto wetu?"

Ukumbi ukanyamaza. Mwalimu akainuka, akashika kipaza, akafungua mdomo. Fundi aliweka kidole kwenye kitufe, na wakati huo huo macho yake yakakutana na ya mama. Mama hakumwashiria kitu. Alimtazama tu kama mama anavyomtazama mwanawe, na kidole cha mtu mzima mwenye ndevu kikagoma kusogea.

Midomo ya mwalimu ilicheza, sauti haikutoka. Akajaribu kupaza mwenyewe, ikatoka mikwaruzo mitupu.

"Ishara!" mtu mmoja alipiga ukelele kutoka katikati. "Mungu mwenyewe amemzima!"

Ukumbi ulilipuka. Wengine walipiga makofi, wengine walilia machozi ya kweli, na Mama Mwenyekiti akainua mikono juu akishukuru. Mkuu wa shule aliahirisha kura hadi Jumamosi iliyofuata. Mwalimu alipita kando ya mashine bila kumtazama fundi.

Fundi alimpigia simu mpaka betri ikaisha. Siku ya pili ikapokelewa.

"Sema."

"Malkia wangu..."

"Usiniite hivyo. Kipaza kilikuwa kibovu?"

Angeweza kusema ndiyo. Waya hukatika, umeme hurukaruka.

"Hakikuwa kibovu. Nilikusikia ukinong'ona habari za kusali, nikakizima ili wasikusikie."

"Na niliposimama?"

"Niliposema nifungue... mama yangu akanitazama."

"Mama yako yupi?"

Fundi akamwambia yote.

"Kwa hiyo ulinizima mara mbili," mwalimu alisema. "Mara ya kwanza ulinificha wasinijue. Mara ya pili ulijificha wewe, mama yako asikujue. Watoto wangu wananiuliza darasani kama kweli nimelaaniwa, Hallo-Hallo. Nawafundisha watafute sababu ya jambo kabla ya kupiga kelele, na sababu yenyewe ni wewe!"

"Nifanye nini?"

"Una vipaza vingi sana, fundi. Hata kimoja hujawahi kukisemea."

Akakata.

Wiki hiyo fundi hakukaa wala hakusimama. Alifungua redio za watu akasahau kuzifunga. Kusema kweli hadharani ni kumwaibisha mama mbele ya watu wote waliomshangilia. Kunyamaza ni kumpandisha mwalimu treni kwa mkono wake mwenyewe. Njia zote zilikuwa na miiba.

Jumamosi watu walikuja wengi kuliko mwanzo. Walikuja kuona kama ishara itarudi. Mkuu wa shule akaomba vipaza vijaribiwe. Fundi akatembea hadi mbele.

"Hallo, hallo," alisema kwa mazoea, na watu wakacheka. "Jamani, wiki iliyopita kipaza cha mwalimu hakikuzimwa na Mungu. Nilikizima mimi. Kwa kidole hiki."

Minong'ono ikapita. Mama Mwenyekiti akasimama taratibu.

"Wewe?"

"Mimi, mama."

"Mimi nimeshukuru kwa kidole chako? Nimeinua mikono mbele ya ukumbi mzima kwa kidole chako?"

"Nisamehe, mama."

"Ulikizima kwa nini?"

"Nilikuwa namlinda."

"Unamlinda mwalimu? Kwani huyu ni dada yako?"

"Si dada yangu, mama."

"Shangazi yako?"

"Hapana, mama."

Hapo hata viziwi walielewa. Kicheko kilianzia safu za nyuma kikaja mbele kama maji, na Mama Mwenyekiti akageuka polepole kumtazama mwalimu kuanzia viatu hadi nywele, kwa jicho jipya kabisa. Mwalimu alikuwa amejifunika uso kwa viganja. Alipoviondoa macho yalikuwa yamelowa, na fundi hakujua kama ni kicheko au kilio. Mwalimu akavuta kipaza.

"Fundi, umenifungulia?"

"Nimekufungulia," alijibu akikimbilia mashine yake.

"Basi wazazi wangu, naomba tuendelee na mageuko ya viumbe. Haya mengine tutayamaliza nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?" Mama Mwenyekiti akadakia.

"Kwako, mama. Ukitukaribisha."

Mwalimu akazungumza kwa kirefu. Alisema anasali, tena kila siku, na kwamba Mungu anayemwomba haogopi mtoto anayeuliza. Alisema baiolojia ni ya kupima na kuchunguza, na akianza kuhubiri katika kipindi chake atakuwa mhubiri mbaya na mwalimu mbaya kwa pamoja. Wengine waliguna, wengine walitikisa vichwa kukubali. Mikono ilipoinuliwa, wanaotaka ahamishwe walizidiwa, ingawa si kwa wingi, na mkono wa kwanza kuinuka dhidi yake ulikuwa wa mama.

Watu walipotawanyika, mwalimu alimkuta fundi akikunja waya. Alimfinya sikio kwa nguvu, akaliachilia, akaegemeza kichwa begani kwake.

"Ukinizima tena, nitakuhama kabla hawajanihamisha."

"Sitarudia, malkia."

Mama Mwenyekiti alikuwa amesimama mlangoni, mkoba kwapani, anawangoja.

"Nimekupinga leo," alimwambia mwalimu, "na kesho nitakupinga."

"Najua, mama."

"Sawa. Chai unakunywa na sukari, au bila?"