Rejeta Haing'olewi!

Kila asubuhi ya baridi, kabla ya kwenda shule, Delfina Medeiros alianika soksi zake juu ya rejeta ya jikoni. Kisha alisogeza karibu beseni la unga ambao bibi yake, Bibi Idalina, alikuwa ameukanda kwa ajili ya mkate mtamu, akalifunika kwa blanketi ili unga uumuke. Rejeta hiyo ilikuwa chuma kizito chenye mbavu, kilichosimama chini ya dirisha tangu nyumba ilipojengwa. Boila ya chini ya nyumba ilichemsha maji, mvuke ukapanda kwenye mabomba hadi kwenye rejeta ya kila chumba, na vyumba vikapata joto. Nyumba nyingi za zamani za mji wa Fall River, Marekani, zilikuwa hivyo.

Lakini wiki ile, boila ilipowashwa kwa mara ya kwanza mwaka ule, unga uligoma kuumuka. Boila ilinguruma kama kawaida, ila rejeta zote zilikuwa baridi, isipokuwa ile ya bafuni. Bibi alishinda amevaa koti ndani ya nyumba.

"Basi tena," alisema Baba. "Mfumo huu umekula chumvi nyingi. Tubadilishe."

Alhamisi alikuja Bwana Rourke, fundi wa mitambo mipya. Aligonga rejeta ya jikoni kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Mvuke ni mambo ya babu zetu," alisema. "Tunang'oa vyuma vyote hivi, tunafunga mashine ukutani. Inapuliza hewa ya joto, mambo yamekwisha."

Delfina aliruka akakaa juu ya rejeta. "Haing'olewi!"

"Delfina! Ndiyo maneno gani hayo mbele ya mgeni?" Baba alifoka.

"Na unga wa Bibi utaumukia wapi? Tutautundika ukutani?"

Bwana Rourke alicheka. "Mwanangu, kitu chenyewe kimekufa. Hapo ulipokaa si unasikia baridi?"

"Kama kimekufa, mbona cha bafuni kinaunguza?"

Baba alimwomba fundi arudi kesho yake wapatane bei, akampeleka Delfina chumbani kwa kumshika mkono.

Delfina hakukubali. Baba alipoondoka, alinyata hadi bafuni akaikagua rejeta ile. Ubavuni ilikuwa na kidude kidogo cha chuma chenye tundu, na tundu hilo lilikuwa likitoa hewa, sss, sss. Bibi alikiita pua. Akakimbilia jikoni. Pua ya huko iling'aa kwa rangi ya fedha, na tundu lake halikuonekana kabisa.

Rangi ile aliipaka yeye. Kila mwaka, kabla boila haijawashwa, Bibi hupaka rejeta zote rangi ya fedha. Safari hii magoti yalimsumbua, akamwachia Delfina brashi. "Kwanza funga vitambaa kwenye pua zote," alimwambia. Delfina aliona kufunga vitambaa ni kupoteza muda. Alipaka mbiombio, rangi ikichuruzika sakafuni, mpaka ikamwishia mlangoni mwa bafuni kabla hajaigusa rejeta ya humo, akaenda kucheza.

Sasa afanye nini? Baada ya kelele zote zile, aende kusema kosa ni lake? Aibu ilimchoma. Lakini akinyamaza, kesho rejeta zinang'olewa.

Siku ya pili Bwana Rourke alipoketi na Baba na Bibi kwenye meza ya jikoni, Delfina alisimama kati yao.

"Baba, usikubali."

"Leo tena?"

"Leo tena! Utaniadhibu baadaye, lakini nisikilize kwanza. Rejeta hazijafa. Nimeziziba pua mimi."

Alieleza yote. Bibi alishika kiuno. "Wewe mtoto! Si nilikwambia ufunge vitambaa?"

"Uliniambia, Bibi. Nilifanya uvivu."

Bwana Rourke aliinama akaitazama ile pua kwa makini. "Anasema kweli," alikiri. "Hewa ikikosa pa kutokea, mvuke hauwezi kuingia. Jana sikuangalia hapa."

Baba alizima boila, akafunga vali zinazopitisha mvuke, akangoja chuma kipoe. Kisha akazifungua na kuzitoa zile pua, na Bibi akazitumbukiza kwenye bakuli la siki mpaka rangi ikalainika ikatoka. Zilipokwisha kurudishwa, Baba akafungua vali, akawasha boila. Wote wakasimama jikoni wakitega masikio. Sss! Ubavu wa kwanza ukapata moto, kisha wa pili, hadi wa mwisho.

"Aa! Jamani!" Bibi alilia kwa furaha, akavua koti.

"Tunabaki na mvuke," Baba alimwambia fundi. "Siku boila ikichoka kweli, nitakuita." Kisha akamgeukia Delfina. "Na wewe, ile rangi iliyochuruzika sakafuni utaikwangua yote."

"Nitaikwangua. Lakini rejeta haing'olewi!"

"Bado unabisha?"

"Mwache abishe," alisema Bibi, huku akisogeza beseni karibu na joto. "Jana alibisha kwa kelele, hakuna aliyemsikiliza. Leo amebisha kwa kusema ukweli uliomuaibisha mwenyewe, na sote tumemsikiliza. Mjukuu wangu, ukitaka kutetea kitu, anza kwa kusema kweli, hata kama kosa ni lako. Na kazi ukipewa, ifanye kama ulivyoelekezwa. Haya, lete blanketi, unga usije ukapoa."

Delfina akalileta mbio.