Karanga Mbaya Nilizipika Mimi, Lawama Akabeba Jirani

Nina umri wa miaka arobaini na saba, mama wa watoto watatu, mkazi wa Usoke. Ni mtu wa nyumbani kupindukia. Kabla ya mkasa huu, safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa ya Tabora mjini, na nilirudi na kipandauso kwa makelele ya pikipiki. Kwa hiyo msitegemee mkasa wa hoteli na waume za watu. Wangu ulitokea jikoni... na mkosaji ni mimi.

Nimesoma hadi kidato cha nne. Nakumbuka nilichora kuvu wa kwenye mkate katika daftari la Biolojia, mwalimu akaweka alama ya vema. Kuchora nilijua! Kuwatambua ndani ya sufuria yangu ndiko kulikonishinda.

Huku kwetu tumbaku ndiyo bwana wa nyumba. Ikishaingia inapewa stoo, inapewa hadi chumba cha wageni. Karanga, kwa kuwa ni zao letu sisi wanawake, zinakaa popote. Zangu zilikaa kwenye magunia kona ya jikoni, chini kwenye udongo. Na siku ya kuzimenya nilikuwa na ujanja wangu: nanyunyizia maji gunia zima, maganda yanalainika, vidole haviumi. Nilijiona mhandisi!

Nikishamenya, nachambua. Zilizonona zinakwenda gulioni. Zilizosinyaa, zenye ukungu wa kijani na uchungu kidogo, nazitwanga za nyumbani. Nani ataona ukungu kwenye karanga zilizotwangwa? Mume wangu, Baba Neema, alipenda kisamvu cha karanga kuliko nyama. Alinitania mbele za watu kwamba alinioa kwa ng'ombe wa mahari, lakini mboga ndiyo inayomzuia asinirudishe. Kichwa kinanivimba, namwongezea upawa mwingine...

Mwaka juzi akaanza kulalamika maumivu chini ya mbavu za kulia. Akakonda. Macho yakawa ya manjano, tumbo likajaa kama la mjamzito. Tukaenda hospitali Tabora. Vipimo vikaonyesha ini, na ugonjwa umeshafika mbali... kansa.

Daktari aliniita pembeni. Akasema mume wangu ana virusi vya homa ya ini, huenda tangu utotoni, bila kujua. Kisha akauliza nyumbani tunakula nini sana, na karanga na mahindi tunavihifadhi vipi. Akanieleza habari ya sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu. Moto wa jikoni hauimalizi, na mwaka baada ya mwaka inaharibu ini, hasa lenye virusi tayari. Hakuniapia kwamba ni karanga peke yake. Lakini mimi nililiona gunia langu la jikoni. Mnajua nilimjibu nini? Nilimwambia sisi tunaanika vizuri sana.

Tukarudi nyumbani kusubiri.

Ndugu za mume wakaja, na kikao hakikuchukua muda. Amelishwa kitu. Na nani? Jirani yetu Mama Zawadi, muuza togwa, ambaye mume wangu hakupita kwake bila kunywa kikombe. Aliolewa hapa kutoka Ulyankulu, akafiwa na mume, na baada ya miaka kumi na tisa watu bado walimwita mgeni. Ndiye rafiki yangu pekee! Yule yule ambaye akiniona barabarani huuliza, "Mama Neema, kafa nani leo hata umetoka nje?"

Nilikuwa nimekaa palepale kwenye mkeka. Mume wangu, sauti imebaki kidogo, akanigeukia.

"Mama Neema, wewe unaonaje? Ni yeye?"

Yalihitajika maneno mawili tu... Ni mimi. Lakini niliwatazama wifi zangu, nikamtazama mama mkwe, nikawaona watoto wangu wamenikodolea macho.

"Mimi sijui," nikasema.

Wasomaji wenzangu, ile sijui yangu ilitosha! Togwa yake haikununuliwa tena. Alipokuja kumjulia hali mgonjwa, wifi zangu walimzuia mlangoni, nami nipo ndani nakoroga uji, nasikia kila neno. Hakugombana. Aliacha salamu akaondoka. Baada ya wiki mbili akafunga virago, akarudi kwao Ulyankulu.

Mume wangu alifariki mwezi uliofuata, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wangu. Nilikuwa na siku zote hizo za kumwambia. Kila asubuhi nilisema leo, nikaishia kumpangusa jasho...

Siku ya kuanua matanga nilishindwa kuvumilia. Nikapiga magoti mbele ya mama mkwe, nikaeleza yote, maji, magunia, ukungu, daktari. Nilitegemea kipigo.

"Ungekaa nalo tu, mwanangu," akasema. "Sasa mimi nimchukie nani?"

Kesho yake, mimi mtu wa nyumbani, nikapanda basi kwenda Ulyankulu. Mama Zawadi alinipa kigoda, akanisikiliza hadi mwisho huku akichambua maharage. Hakulia wala kunifukuza. Akauliza jambo moja.

"Baba Neema ulimwambia?"

"Hapana."

"Basi amekufa akijua ni mimi."

Akaendelea kuchambua. Nilikaa pale hadi basi la kurudi likafika.

Mnadhani yameisha? Watoto tuliwapima homa ya ini. Wawili walikutwa salama wakachanjwa. Neema, kifungua mimba wangu, ana virusi kama baba yake... na amekula sufuria ile ile tangu aote meno! Anahudhuria kliniki. Akishika ubavu tu, roho inanitoka. Ananiambia, "Mama, nimekaa vibaya tu." Nani wa kumwamini? Mimi mwenyewe nilisema tunaanika vizuri.

Ndugu zangu, nawasihi! Karanga zenye ukungu msile, msiwape kuku, msizitwange kuficha aibu. Msinyunyize maji kwa kuogopa vidole. Zianikeni zikauke, ziwekeni juu ya kichanja. Pimeni maini ya watu wenu. Na kama mkono wako ndio uliokosea, sema mgonjwa angali anasikia. Mimi kila Jumapili baada ya ibada napita makaburini, nainama, namwambia Baba Neema kwamba si Mama Zawadi... Namwambia, kisha nasubiri kidogo, kisha narudi nyumbani.