Nyanya Si Tairi

Breki aliendesha lori mpaka akastaafu. Wenzake walimpa jina hilo kwa utani, maana breki ndicho kitu asichopenda kukanyaga. Jikoni alikuwa mgeni. Alijua mlango na mahali pa kukaa, basi. Sokoni alikwenda mkewe.

Kisha mkewe akateleza bafuni, akavunjika mguu. Mguu ukafungwa plasta, na hamu ya kula nayo ikafungwa.

"Asipokula mboga na matunda atachelewa kupata nguvu," muuguzi alisema.

Breki akanunua mchicha kwenye duka la njiani, mbio mbio. Mkewe akautazama, akasukuma sahani.

"Mume wangu, mchicha huu umenizidi umri."

Breki alicheka, lakini moyo ulimwuma. Mwanamke huyu zamani alimaliza chakula chake, kisha akadokoa cha mwenzake. Sasa mashavu yamebonyea.

Jirani yao, fundi cherehani, akaja kumjulia hali mgonjwa. Akauona mchicha.

"Shemeji, umenunua mboga iliyokata tamaa! Kesho ni siku ya soko la wakulima. Wanaleta walichovuna wenyewe. Twende."

Asubuhi wakaenda. Breki akaingia upande huu wa soko, akatokea upande ule, mikono mitupu.

"Nimemaliza," akasema.

"Umemaliza nini? Hapa si barabara kuu! Zunguka polepole. Linganisha. Salimia watu."

Breki akarudi. Akasimama kwa mama mmoja mkulima. Akachukua nyanya, akaibonyeza kwa kidole gumba. Akabonyeza nyingine, kwa nguvu zaidi.

"Baba wee! Hizo nyanya, si tairi!"

Watu wakaangua kicheko.

"Nisamehe, mama. Nilikuwa napima upepo."

"Ukibonyeza inapondeka, kisha inaoza upesi. Ishike kwa upole. Inuse hapa kwenye kikonyo. Na uulize: imevunwa lini? Inapikwaje? Nimeipanda mimi, jibu ninalo."

Breki akanusa. Hivi ndivyo mikono ya mkewe ilivyonukia kila siku ya soko.

"Mke wangu, yule mteja wenu apendaye kucheka, hali chakula," akasema taratibu. "Amevunjika mguu."

"Yule mcheshi, mwenye kicheko cha kuamsha mtaa? Ndiyo maana hatumwoni! Mpe pole. Mwambie mbuzi wangu ametafuna kofia ya mkwe wangu, tena mkwe akiwa ameivaa!"

Breki akapanga kikapu: maboga chini, nyanya juu, mchicha wa asubuhi hiyo juu kabisa. Kupakia mzigo hakufundishwa na mtu.

Nyumbani akaosha mchicha kwa maji safi, akaukata, akaupika kidogo tu na nyanya, usipoteze ubora wake. Akamwekea mkewe sahani, akampa salamu na habari ya mbuzi.

"Kofia ikiwa kichwani?" Mkewe akacheka mpaka machozi. Akala, akimwuliza habari za huyu na za yule. Alipomaliza, mkono wake ukanyemelea sahani ya Breki. Breki akajifanya haoni. Akaisogeza karibu.

Mguu ulipopona, wakaenda sokoni pamoja. Kikapu kilijaa, jua likapanda. Breki bado ananusa nyanya na kuuliza hali ya mbuzi.

"Baba wee, twende nyumbani!" mkewe akaita.

"Subiri, mke wangu. Upande ule sijauzunguka."

"Haya," mkewe akacheka, soko zima likasikia. "Leo ndiyo umelistahili jina lako."