Pumzi ya Kiti cha Nyuma

Kioo kilikuwa kimefanya ukungu kwa ndani.

Bersabé Lucero alikifuta kwa gazeti, akarudi nyuma hatua moja kuitazama kazi yake. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, upepo wa Aprili unavuma mkavu kutoka milimani na kuparuza midomo. Gari lilikuwa tupu, milango yote imefungwa. Hata hivyo, kwenye dirisha la nyuma, upande wa kulia, alama ya ukungu ikaanza tena. Kwanza ilikuwa ndogo kama kisosi. Ikatanuka, ikanywea, ikatanuka tena, taratibu, kama mtu aliyelala fofofo pua yake ikigusa kioo.

Akafungua mlango. Harufu ikamvaa usoni: pombe kali, na chini yake udongo uliolowa.

Hakufikiria jini. Alimfikiria mwanawe.

"Delfino! Njoo hapa!"

Delfino alitoka jikoni akitafuna mkate wa mahindi. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, mwembamba, mtu wa maneno machache tangu alipokamatwa.

"Umekunywa humu ndani."

"Mama, leo ni siku ya sitini na tatu. Sijagusa hata tone."

"Njoo unuse, halafu uniambie tena."

Akaingiza kichwa. Akakitoa upesi, akapiga ishara ya msalaba bila kujua kwamba ameipiga.

"Ni yeye," alisema kwa sauti ya chini.

"Yeye nani?"

"Nilikwambia, Mama. Hukutaka kusikia."

Kweli alikuwa amemwambia. Jioni moja ya Februari Delfino alikuwa akitoka kwenye ubatizo wa mtoto wa binamu yake, amekunywa bia mbili. Kwenye daraja la mfereji alimkuta mwanamume amesimama, maji yanamchuruzika kuanzia kofia hadi viatu, ilhali mfereji ulikuwa umefungwa tangu Novemba na hauna hata tope. Akamwonea huruma, akamfungulia mlango wa nyuma. Mtu yule hakutoa salamu wala shukrani. Alipumua tu, akimpulizia Delfino kisogoni, na kabla ya kufika kanisani barabara ilikuwa imekuwa mbili, kisha tatu. Polisi walilikuta gari limeparamia uzio, mlango wa nyuma u wazi, Delfino peke yake kwenye usukani. Walipompulizisha, kipimo kilisoma mara tatu ya kiwango cha sheria.

"Walevi wote husema hivyo hivyo," Bersabé alimwambia siku ya kesi, kwenye ukumbi wa mahakama, watu wakisikia.

Hakimu hakumfunga. Aliamuru gari analoendesha Delfino lifungwe kufuli la pumzi kwa mwaka mzima, yaani kile chombo ambacho lazima dereva akipulizie ndipo gari liwake, na kikinusa pombe gari haliwaki ng'o. Mwisho wa kulifunga ulikuwa Ijumaa ya wiki hiyo, saa kumi na moja jioni. Asipofunga, siku tisini jela, na kazi yake ya kufua mashuka ya hospitali mjini ingekwenda na upepo. Gari lilikuwa hilo moja tu, na lilikuwa la Bersabé.

Karatasi ya maandalizi ilibandikwa kwenye friji. Betri iwe nzima. Taa yoyote ya hitilafu isiwake kwenye dashibodi. Chini ya usukani pawe safi, pasiwe na takataka. Gari lisisafishwe kwa dawa yenye spiriti, na dereva asisukutue kinywa kwa dawa ya namna hiyo. Mwenye gari alete kadi na barua yenye sahihi yake. Bersabé alikuwa ameyatimiza yote kama mtu anayejiandaa kupokea komunyo, na sasa alisimama na gazeti lililolowa mkononi, hajui ukungu wa kiti cha nyuma unasafishwa kwa nini.

Asubuhi ya Jumatano gari halikuwaka. Betri ilikuwa mpya, haijamaliza mwezi.

Alimwita Cosme, fundi, jirani wa nyumba ya tatu. Cosme alikuwa ameacha pombe miaka kumi na moja iliyopita, baada ya ini kumlaza miezi miwili, na tangu hapo hakunywa kitu kikali zaidi ya kahawa.

"Dada Bersabé, gari lako lina wivu," alitania huku akifunga nyaya za kipimo. "Limesikia linawekewa bwana wa kulichunga, limegoma."

"Litengeneze, acha maneno."

"Ngoja nikae ndani nitazame ni kitu gani kinakula umeme."

Akaingia, akafunga mlango kwa sababu ya upepo. Bersabé akaenda kugeuza maharagwe jikoni. Aliporudi dakika kumi baadaye vioo vyote vilikuwa vyeupe. Akamgongea. Mlango ukafunguka, Cosme akatoka akishikilia paa la gari, macho mekundu, akapiga hatua tatu kuelekea ukutani na ya nne ikampeleka chini.

"Cosme! Umekunywa nini?"

"Sij... sijanywa," alisema, ulimi mzito, machozi yanamtoka. Akamshika mkono Bersabé akamvuta karibu, akanong'ona, na pumzi yake ilinuka pombe na udongo. "Dada. Yule aliyekaa nyuma... ni nani yule?"

"Hakuna mtu nyuma."

"Alikuwa ananipumulia hapa." Akagusa kisogo. "Nilitaka kutoka. Mkono ukakataa. Dada, miaka kumi na moja! Mke wangu ataniambia nini mimi?"

Walimkokota nyumbani, yeye na Delfino. Mkewe alifungua mlango, akamnusa, akamtazama Bersabé kwa chuki, kisha akaufunga. Vifaa vya Cosme vilibaki uani, na hakuna aliyevifuata.

Wakiwa njiani kurudi Bersabé alisimama katikati ya barabara. "Nisamehe, mwanangu," alisema. Delfino alimshika bega, na wakaenda hivyo mpaka nyumbani.

Alasiri ile ile Bersabé alimpigia simu ofisa anayemsimamia Delfino, akaomba wiki moja tu.

"Gari lina tatizo gani, mama?"

"Betri," akasema Bersabé.

"Ijumaa saa kumi na moja," alisema ofisa, bila ukali. "Nimesikia hadithi nyingi sana kwenye kiti hiki. Mwambie tu ajitahidi."

Basi Alhamisi akaja Bibi Eufelia, mganga kutoka bonde la pili, akiendesha mwenyewe pikapu yake, sigara mdomoni, akilalamika juu ya magoti yake na juu ya kahawa aliyopewa kwamba ni maji tu. Alilizunguka gari mara moja, hakuligusa. Sigara akaitupa.

"Huyu alikufa majini, na alikufa amelewa," alisema. "Pombe haitaki, ameshiba nayo. Anatafuta pumzi. Anakopa ya watu, na anayorudisha ndiyo ile aliyofia nayo."

"Utaweza kumtoa?"

"Garini, nadhani nitaweza. Wewe shika mlango huo wazi, na usiongee, hata ukisikia unaitwa."

Akawasha ubani kwenye kopo, akachukua fungu la majani ya ruda, mmea mchungu wa kufukuzia pepo, na kuanza kufagia viti kuanzia mbele kurudi nyuma, huku akiomba kwa sauti nyembamba, na kadiri alivyokaribia kiti cha nyuma ndivyo gari lilivyoanza kupumua, mwanzo kama mtu anayepanda ngazi, kisha kama mtu anayekimbia, kisha ikawa mikoromo ya mtu anayezama na kuibuka na kuzama tena, na vioo vikatiririka maji kwa ndani yakajaa mpaka kwenye mazulia, na kutoka kwenye kile kiti kitupu sauti yenye maji kooni ikamwita Bersabé kwa jina la utotoni ambalo watu wote waliolijua walikuwa wamekwisha kuzikwa, ikamwita mara tatu kwa upole kabisa, naye akauma mdomo hadi damu, akaushikilia mlango kwa mikono miwili na upepo wa mlimani ukiuvuta, mpaka Bibi Eufelia alipotoa yai mfukoni na kulivunja kwenye kiti na pumzi ile ikakatika.

Kimya. Lile yai lilikuwa jeusi. Vioo vilikauka mbele ya macho yao kama sahani iliyoanikwa juani.

"Ametoka garini," alisema Bibi Eufelia, ameegemea pikapu. "Liuze ukipata mtu. Ukikosa, lichome."

Alipoondoka Bersabé alilia kwa furaha. Akaosha mazulia, akafuta kiti, na ili apate hakika aliketi palepale nyuma, upande wa kulia, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu hadi chini ya mbavu. Hakusikia harufu yoyote. Baridi kidogo tu kooni, kama aliyekunywa maji ya kisima.

Ijumaa gari liliwaka kwa mguso wa kwanza. Walifika mjini saa sita. Fundi wa kufuli alikuwa msichana mpole aitwaye Marisela, nywele amezifunga kwa kitambaa cha buluu. Alikagua betri, akakagua taa, akasoma ile barua, akasema gari hili limeandaliwa vizuri kuliko yote ya wiki hiyo. Bersabé alijisikia kama mwanafunzi aliyepewa pipi. Wakasubiri saa mbili kwenye viti vya plastiki, wakila maharagwe yaliyokunjwa kwenye mkate.

"Haya, kaka Delfino. Puliza taratibu mpaka kilie, halafu vuta ndani kidogo. Basi."

Delfino akapuliza. Sifuri. Injini ikanguruma. Alicheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu Februari.

"Kitakuwa kinalia na barabarani pia," alisema Marisela. "Kikilia una dakika sita za kupuliza. Usipopuliza inaandikwa kosa. Sasa wewe mama, maana na wewe unaliendesha."

Bersabé akajipangusa midomo, akapuliza. Pumzi yake ikaisha. Marisela akaitazama namba kwenye kioo kidogo cha chombo, akainua macho, akayashusha.

"Umekula kitu chenye chachu? Sukutua maji, tungoje dakika kumi na tano."

Wakangoja. Akapuliza tena. Namba ikapanda mara mbili ya ile ya kwanza.

"Mama yangu," alisema Marisela polepole, "hapa hatumhukumu mtu. Nitaandika kwamba yalikuwa mafunzo. Ila usikiguse tena, nakuomba. Kila kinachopulizwa humu, mbele ya hakimu ni cha mwanao."

"Sijanywa mimi! Sijanywa tangu divai ya harusi yangu! Hiyo si pumzi yangu!"

Watu wawili waliokuwa wakisubiri walitazama sakafu. Bersabé alimgeukia Delfino, naye Delfino alikuwa amekuwa mweupe kama chokaa. Mwanawe alikuwa amemwamini. Hilo ndilo lililomtisha Bersabé kuliko yote.

Akatoka nje, akampigia Bibi Eufelia.

"Baada ya mimi kuondoka," aliuliza mganga, "uliketi kwenye kile kiti?"

"Niliketi."

"Ukavuta pumzi?"

"Hadi chini ya mbavu."

"Nilikwambia ametoka garini. Ameenda wapi sikukwambia, kwa sababu sikujua."

"Njoo umtoe."

"Garini hakuwa na pa kushika, mwanangu. Ndani ya kifua cha mtu..." Mganga akawasha sigara. "Usikae na mtu chumba kimoja madirisha yakiwa yamefungwa. Nitauliza wenzangu. Nitauliza, lakini usinisubiri."

Walianza safari ya kurudi wakiwa wameshusha vioo vyote, upepo unapiga kelele masikioni. Bersabé alijibana mlangoni, kitambaa mdomoni, akipumua kidogo kidogo na kwa nje. Haikusaidia. Harufu ilipita kwenye kitambaa, ikajaa, na baada ya kona ya pili aliona kichwa cha Delfino kinaanza kuyumba, na gurudumu likauma changarawe za pembeni. Wakati huohuo kufuli likalia.

"Simamisha," alisema. "Simamisha, Delfino!"

Akaruka kabla gari halijatulia, akakimbia hatua ishirini ndani ya vichaka vikavu. Delfino alifungua milango yote minne. Alisimama barabarani akivuta hewa ya mlima kama mgonjwa, dakika moja, mbili, nne, chombo kikilia nyuma yake. Ya tano ikikaribia kuisha akainama, akapuliza. Chombo kikasita. Kisha kikanyamaza, kilikuwa kimempitisha.

"Tumepita, Mama! Ingia."

Bersabé alitikisa kichwa.

"Ni maili kumi na nane! Utaganda kwa baridi njiani."

"Nenda polepole," alisema, mkono mdomoni. "Mimi nitakuwa nyuma yako."

Delfino alimsihi, alimfokea, akalia. Mwisho akawasha taa za hatari, akaliacha gari litambae, na mama yake akalifuata kwa miguu akiwa mbali naye, viatu vyake vya kanisani vikijaa vumbi. Baada ya nusu saa hivi kufuli likalia tena, na Bersabé akasimama. Akageuzia uso upande wa pili wa barabara, akabana midomo, akaziba pua kwa vidole viwili, akaishikilia pumzi yake yote ili mwanawe apite.

Kifua cha Bersabé kikaendelea kupanda na kushuka chenyewe.