Kalamu Nyekundu ya Mwalimu Sostenes

Mwalimu Scolastica wa Keza alikuwa msomaji hasa. Tangu astaafu, kila kitabu alichosoma alikiandikia maoni kwenye daftari, kwa wino wa bluu. Jumatatu moja ya mvua alifungua daftari alilokuwa akitumia siku hizo, akakuta, chini ya maoni yake, mstari wa wino mwekundu: "Umesoma haraka. Rudia."

Mwandiko aliujua. Ulikuwa wa Mwalimu Sostenes, jirani yake, aliyezikwa miezi miwili nyuma.

Daftari lenyewe lilikuwa la Sostenes. Matanga yalipoondolewa, mjane wake, Bonifasia, aligawa vitu vya marehemu, na Scolastica akapata boksi la vitabu, daftari na kalamu nyekundu. Nusu ya daftari ilikuwa tupu. Mahali pa mwisho marehemu alikuwa ameandika, "Kitabu hiki kingenifurahisha zaidi kama", akaishia hapo, maana kifo hakisubiri nukta. Walimu nao wana ugonjwa wao, hawawezi kuacha sentensi ikining'inia. Scolastica akachukua kalamu nyekundu, akamalizia: "kingekuwa kirefu." Kisha akaanza kuandika ya kwake hapo chini. Karatasi si karatasi tu?

Wiki hiyo alikuwa anasoma kumbukumbu za nesi mmoja wa mpakani. Akaandika: "Nimelia alipovuka mto na kichanga cha watu mgongoni. Ila sura za kazini zinachosha, angezifupisha." Jumanne asubuhi akakuta jibu: "Usifupishe kitu." Na nyumba ilinuka tumbaku ya kiko, wakati humo ndani hakuna avutaye.

Ijumaa alikuwa na safari ya Biharamulo. Binti yake wa pekee, Joyceline, alikuwa karibu kujifungua, baada ya mimba mbili kuharibika. "Mama, safari hii sitaki kuwa peke yangu," alikuwa amemwambia. Scolastica alifunga begi mapema, huku akisikia chumba cha pili karatasi zikigeuzwa taratibu, moja baada ya nyingine, kama mtu aliyetulia na kitabu chake.

Alhamisi daftari lilikuwa na ukurasa mpya, mwekundu wote. "Kumbukumbu za Mwalimu Mstaafu. Mhusika amefunga begi. Binti anamsubiri. Sehemu hii siipendi. Akiondoka nitasoma nini? Abaki."

Ijumaa saa mbili asubuhi Renatus wa bodaboda alipiga honi. Scolastica akabeba begi, akafungua mlango, mvua ikampiga usoni, akapita mibuni yake akiishika matawi kwa mkono ili awe na hakika kwamba anapita, akaiona pikipiki, akamwona Renatus akipangusa kiti, akanyoosha mguu apande, na mguu ukakanyaga sakafu ya sebuleni kwake, naye amekaa kitini, kitabu cha nesi kimefunguka palepale penye mto, viatu vyake vikavu. Alijaribu mara tatu. Mara tatu viatu vilikuwa vikavu.

"Mama, nimepiga honi mpaka nimechoka," Renatus alisema dirishani. "Nakuona unasoma tu."

"Sisomi, mwanangu. Nasomwa. Mlete Bonifasia, upesi."

Simu ikaita. "Mama, uchungu umeanza. Uko wapi?"

"Niko njiani," Scolastica akadanganya, machozi yakimtoka.

Bonifasia alipofika alisimama mlangoni akinusa.

"Shikamoo, dada," Scolastica alisema kwa sauti ya chini.

"Marahaba. Hiyo ni tumbaku ya marehemu wangu, baba Protasi. Umefanya nini?"

"Nilimalizia sentensi yake. Kwa kalamu yake."

Mjane akakaa chini. Kwa mila ya kwao, chombo cha marehemu hakifanyi kazi mpaka mjane akifungue, yaani akitumie yeye kwanza. "Jembe lake nililifungua mimi," alisema. "Nikalima tuta la kwanza, ndipo watoto wakalishika. Panga nalo, baiskeli nayo. Kalamu nani aliikumbuka? Na yeye jembe lake hasa lilikuwa hilo."

Alichukua mkaa jikoni, akafuta maneno aliyoongeza Scolastica, akasugua mpaka karatasi ikatoboka. "Umesoma vya kutosha, baba Protasi," alisema polepole. "Funga." Karatasi za chumba cha pili zikanyamaza. Bonifasia akaliviringisha daftari ndani ya kitenge chake, akaondoka nalo.

Scolastica hakungoja. Alizoa miwani na vyote vilivyokuwa mezani, akatumbukiza kwenye begi, akatoka mbio. Viatu vikalowa. Alivitazama safari nzima, na vilibaki vimelowa.

Hospitalini Biharamulo alikuta mtoto ameshazaliwa, wa kike, mzima.

"Umechelewa, mama."

"Nimefika, mwanangu," alisema, akamkumbatia akilia kwa furaha.

Nesi wa zamu alikuwa anajaza kadi ya kliniki, kalamu yake ikagoma. Scolastica akapapasa ndani ya begi bila kuangalia, macho yote kwa mjukuu, akampa kalamu aliyoishika. Nesi akaandika jina la mtoto, akairudisha kalamu, akaiacha kadi kitandani, akaenda kwa mzazi mwingine.

"Wamesema kesho tunaruhusiwa," Joyceline alisema. "Nataka nyumbani."

Hapo Scolastica akasikia harufu ya tumbaku. Akatazama kalamu mkononi mwake, ilikuwa ile nyekundu, kisha akaichukua kadi taratibu. Chini ya jina la mtoto wino ulikuwa bado mbichi: "Mwanzo nimeupenda. Hiki kitakuwa kirefu. Abaki."